Bi Mwalimu, niende Seattle au Pullman?

Wiki hii nimepata meseji mbili za nyumba moja, ya mtoto na ya mama yake, na sidhani kama kila mmoja anajua kuwa mwenzake kaandika, basi sasa mtajuana. Nazijibu pamoja kwa sababu jambo lenyewe ni moja. Chini kabisa kuna kijana wa Unguja na swali lake fupi.

SWALI LA MTOTO

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni msichana wa Wete, nna miaka 19, kidato cha sita nimemaliza mwaka jana. Nakimbia mita 5,000 na mbio za nyika, nilianzia mashindano ya skuli nikafika UMISSETA, halafu nikakaa kambini Arusha miezi mitano na muda wangu mzuri sasa ni dakika 16 na sekunde 31. Nimepata ofa mbili za Marekani na zote ni za jimbo moja la Washington. Washington State, wale wa Pullman, wanalipa kila kitu, ada, chumba, chakula na vitabu. University of Washington, wale wa Seattle, wanalipa asilimia 60. Ami yangu aliyeko mjini anasema niende Seattle kwa sababu chuo kina jina dunia nzima, kocha wa kambini anasema Pullman kwa sababu Wakenya wengi wamepita pale, na kaka yangu kasoma kwamba vyuo hivi ni mahasimu tangu zamani na ukienda kwa mmoja ndo umeshagombana na mwengine. Nataka kusomea uuguzi. Nikijibu vibaya naogopa nitakosa kote, na wote wanataka jibu. Nifanyeje?

SWALI LA MAMA

Assalaam alaykum Bi Mwalimu, nakuandikia kwa simu ya mwanangu wa kiume. Mtoto wangu anataka kwenda kukimbia Marekani, mimi simkatazi, baba yake kabla hajafariki alimuona akikimbia akafurahi. Lakini atakula nini, ataswali wapi, watamvua mtandio wake? Na akiumia huko nani atamuangalia? Watu wananambia chuo hiki kizuri mara kile kizuri, mimi nataka kujua kipi kitanirejeshea mwanangu mzima.

JIBU

Marahaba mwanangu, na waalaykum salaam mama yake. Nianze na huo uhasimu maana ndo unaowatisha bila sababu. Ni kweli vyuo hivi ni watani wa miaka, mechi yao kubwa ni ya ule mpira wa Kimarekani, wanaiita Apple Cup, siku hiyo jimbo zima linagawanyika, watu wanavaa rangi na wengine hawasemeshani mpaka kesho yake, sawasawa na sisi na Simba na Yanga. Lakini ugomvi ule ni wa kwao na wewe hakuna atakayekuuliza kwa nini hukwenda kule. Makocha wa mbio wanaitana, wanakutana kwenye mashindano, ukimwandikia mmoja kwa adabu kwamba nashukuru lakini nimechagua pengine, anakutakia heri na anatafuta mtu mwengine. Na kama unataka kujua mbio zilivyo nje ya ugomvi huo, Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Pullman, mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na moja katika hizo, ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, aliivunja mjini Seattle tarehe 13 Mei, dakika 8 na sekunde 5.4. Mtoto wa Pullman rekodi kaivunjia mjini kwa mahasimu, na rekodi ikabaki yake.

Kwa hiyo ami yako na kocha wako wote wanakupa jina. Mmoja jina la chuo, mwengine jina la Wakenya waliopita. Mimi nataka uangalie kitu kimoja tu, mwaka wa nne. Yaani msichana aliyeingia pale mwaka wa kwanza kama wewe, mwaka wa nne yuko wapi? Bado anakimbia? Kaongeza kasi? Kakaribia digrii yake? Au katoweka?

Na hili wala huhitaji kumuuliza kocha. Kuna tovuti inaitwa TFRRS, matokeo ya wakimbiaji wa vyuo vya Marekani yamo humo, bure, kila mtu na kila mbio aliyokimbia. Kaa na kaka yako jioni moja mkiwa na bando, fungueni timu ya wanawake ya Pullman na ya Seattle ya miaka minne nyuma, andikeni kwenye daftari majina ya waliokuwa mwaka wa kwanza, halafu mfuateni mmoja mmoja mwaka hadi mwaka. Utaona yule aliyekuja na 16:40 akamaliza na 15:50, huyo kalelewa. Utaona yule aliyekuja na 16:20, mwaka wa pili kakimbia mbio tatu, mwaka wa tatu jina halipo. Mmoja akitoweka ni kawaida, mtu anaumia, mtu anahama, siku hizi kuhama chuo kimoja kwenda chengine kumerahisishwa sana. Lakini ukiona watano katika saba wametoweka, basi hapo pana jambo, hata kama picha za uwanja ni nzuri vipi.

Halafu waandikie waliotoweka. Wale ambao kocha anakupa namba zao usiwategemee sana, hao atakupa waliofurahi. Watafute mwenyewe Instagram, na wengine utakuta ni Wakenya, unawaandikia Kiswahili chako tu, dada habari, mimi ni wa Pemba, nimepata ofa hapo ulipokuwepo, naomba uniambie ukweli. Mtu aliyepita kwenye shida hamfichi mdogo wake.

Kwa nini nimeshikilia hili, nitakwambia. Nilikuwa na mwanafunzi wangu wa kiume, mtoto wa Micheweni, alikuwa anakimbia kutoka Konde mpaka msitu wa Ngezi na kurudi kabla ya jua kuchomoza, miguu mitupu, na mimi ndiye niliyemhimiza aende alipopata chuo Marekani, chuo chenyewe sitakitaja. Mwaka wa kwanza wakampenda sana. Kwenye mashindano ya kanda yao alikimbia mita 10,000 Alkhamisi, kuruka viunzi Ijumaa na mita 5,000 Jumamosi, kwa sababu kila nafasi unayoshika inaipa timu pointi, na mgeni aliyelipiwa anatakiwa alete pointi. Miezi tisa hivyo hivyo, vuli mbio za nyika, baridi mbio za ndani, kisha mbio za nje mpaka Juni, hana pumziko. Mwaka wa pili mfupa wa ugoko ukapata ufa. Karatasi yake ya msaada ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, mwaka ulipokwisha hawakuiendeleza. Karudi na begi lake na digrii hana. Sa hivi anafanya kazi dukani Konde, tukikutana ananisalimia kwa heshima zote na mimi moyo unaniuma, kwa sababu nilimuuliza kila kitu kuhusu ofa ile isipokuwa wale waliomtangulia wamefikia wapi.

Sasa tuje kwenye pesa, na hapa ami anisamehe. Seattle mwanafunzi wa nje ya jimbo analipa ada inayopita dola 40,000 kwa mwaka, ukitia chumba, chakula, bima na vitabu unapita 60,000. Wakikulipia asilimia 60, inabaki kama dola 24,000, kwa dola moja shilingi 2,500 ni milioni 60 kila mwaka. Ukihesabu kilo ya karafuu kavu kwa shilingi 15,000, ni tani nne za karafuu, kila mwaka, mara nne. Nani anazo nyumbani kwenu? Na usiseme nitafanya kazi huko huko, viza ya mwanafunzi inakuruhusu saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na ndani ya chuo, na mkimbiaji hana hata hizo saa 20. Zile pesa wanazopata wanamichezo wa Kimarekani kwa matangazo ya jina na sura zao, mwenye viza hiyo ya mwanafunzi, F-1, ni hatari kuzigusa, unaweza kupoteza viza yenyewe. Kabla ya yote, chuo hakikupi fomu ya I-20 ya kuombea viza mpaka uoneshe pesa ilobaki itatoka wapi. Kwa hiyo ofa ya asilimia 60 kwa mtoto wa Wete haijakamilika, waandikie kwa adabu kuwa naweza kuja mkinilipia zote, mnaweza? Wakisema ndio, sawa, tunaendelea kulinganisha. Wakisema hapana, hapo hakuna tena kuchagua.

Na hiyo ya Pullman nayo soma karatasi, usisome meseji. Ile karatasi ya zamani ya kujifunga na chuo, National Letter of Intent, ilifutwa Oktoba 2024, sasa unachosaini ni mkataba wa msaada wa fedha. Tafuta mstari unaosema ni wa mwaka mmoja au wa miaka minne, na unaosema nini kitatokea ukiumia. Neno la kocha kwenye simu, hata akikuapia, si mkataba. Mpe mwalimu wako wa Kiingereza aisome, na mwengine tena aisome.

Kitu kimoja kinachonivutia Pullman kwa mbio zako, na kinachonitia wasiwasi pia, ni kimoja hicho hicho. Juni 2025 chuo kile kilitangaza kuondoa michezo ya kuruka na kurusha kwenye riadha yao, wakabakisha wakimbiaji wa kasi wachache, nguvu wakazielekeza kwenye mbio ndefu. Kwako ina maana timu nzima imejengwa kwa watu wa aina yako. Lakini chuo kinachopunguza michezo ni chuo kinachobana matumizi, kwa hiyo uliza bila haya, je, riadha ya wanawake itakuwepo mwaka wangu wa nne? Kwenye mfumo mpya wa mwaka huo huo wa 2025, vyuo vilivyoingia vina kikomo cha wakimbiaji 17 kwenye timu ya mbio za nyika. Siku ya mashindano wanakimbia saba, watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa, nafasi zao zinajumlishwa na timu yenye jumla ndogo ndo inayoshinda. Basi uliza, mnaniona mimi wa ngapi mwaka wa kwanza? Kocha mzuri atakwambia mwaka wa kwanza sikutaki kwenye saba, jifunze baridi kwanza, jifunze masomo, hajakudharau huyo. Yule anayekwambia Septemba hii hii wewe ndo namba moja wangu, huyo mimi namuogopa.

Seattle nao kwa mbio si haba. Wanawake wao walikuwa mabingwa wa taifa wa nyika mwaka 2008, wana uwanja wa ndani, Dempsey, duara lake mita 307 badala ya 200 za kawaida, kona zake hazikusokoti, watu wanatoka mbali kwenda kutafuta muda pale. Mji uko usawa wa bahari, mvua mvua, theluji kidogo. Pullman ni mji mdogo wa chuo katikati ya mashamba ya ngano, vilima vitupu mpaka macho yanachoka, na theluji inaanguka kweli. Kutoka mji mmoja hadi mwengine ni kama kilomita 460, yaani Dar mpaka Dodoma. Mtoto wa Wete aliyezoea kila mtu anamjua hadi babu yake, mimi nadhani mji mdogo utamshika vizuri zaidi, ila najua wengine ukimya unawala.

Halafu uuguzi. Hapa ndipo nilipokaa nikafikiri sana usiku. Makao ya masomo ya uuguzi ya Washington State yako Spokane, kama kilomita 120 kutoka Pullman. Seattle uuguzi uko hapo hapo chuoni lakini kuingia ni ushindani mkali, kupokewa chuo si kupokewa uuguzi. Kwa hiyo waulize Pullman, kwa maandishi, nikimaliza masomo ya mwanzo miaka ya kliniki nitasomea wapi, na kama ni Spokane nitafanyaje mazoezi na timu, na je, msaada wangu utanifuata? Na waulize Seattle, wakimbiaji wangapi wa kike wamemaliza uuguzi pale hali wako kwenye timu? Usikubali jibu la kwamba tutaona ukifika. Kuna watoto wanafika wakaambiwa mazoezi yanagongana na maabara, badilisha kozi, wanajikuta wanasomea kitu wasichokipenda. Kama kote hawana jibu, fikiria kusomea lishe au afya ya jamii ukiwa unakimbia, halafu uuguzi baadaye, lakini uamuzi huo uufanye wewe sasa, sio ufanyiwe huko.

Sasa mama yangu. Mtandio havuliwi, kuna wasichana wa Kiislamu wanakimbia na hijabu na suruali ndefu za mazoezi huko Marekani, mtoto amwambie kocha mapema ili sare yake ishonwe inavyotakiwa na karatasi kama zinahitajika ziwe tayari kabla ya siku ya mbio, sio kwenye mstari wa kuanzia. Kuswali, Seattle misikiti ipo mingi na Wasomali wamejaa, nyama ya halali utapata mtaani. Pullman kuna msikiti mdogo wa wanafunzi, na jamii ndogo ndo ile mtu akikosekana Ijumaa anaulizwa. Ramadhani miaka hii inakuja kwenye Februari, kule kipindi hicho ni baridi na mchana wake mfupi, kufunga kwenyewe kutakuwa chepesi kuliko hapa Pemba. Tatizo ni kwamba ndo wakati wa mashindano ya ndani, kwa hiyo mtoto amuulize kocha, ulishawahi kuwa na mkimbiaji anayefunga, ulimpangia vipi mazoezi, yalikuwa baada ya futari au kabla ya daku? Jibu lake litakwambia mengi kuhusu roho yake.

Na umenambia akiumia nani atamuangalia, hilo ndo swali kubwa na nashukuru limetoka kwako. Timu zina daktari na watu wa tiba ya viungo, lakini kuna ugonjwa mmoja hawausemi wazi. Baadhi ya wasichana wa mbio ndefu wanashindishwa na njaa, wengine wanapimwa uzito kila wiki mbele ya wenzao, wanaambiwa punguza kilo mbili utakimbia, mtoto anaacha kula, hedhi inakatika miezi mitatu minne, yeye anadhani ndo amekuwa fiti, kumbe mifupa inaliwa ndani kwa ndani mpaka siku inapata ufa. Ule ufa wa mwanafunzi wangu niliousema, kwa wasichana ndo unakuja zaidi kwa njia hii. Mwanangu, soma hapa mara mbili. Waulize makocha wote wawili, mnawapima wasichana uzito? Kwa nini? Nani anaona namba? Na mna mtu wa lishe? Hedhi yako ikikatika ni ya kumwambia daktari siku hiyo hiyo, na kumpigia mama, hata kama kuna fainali wiki ijayo. Unatoka kwenye nyumba ya muhogo na samaki na wali wa nazi, ukila vizuri ndo mbio zenyewe, usiende kuona haya chakula mbele ya Wazungu.

Kuna jambo la mlango wenyewe. Desemba 2025 Marekani iliitia Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya viza, kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na viza ya mwanafunzi F-1 imo. Kwa hiyo kabla hamjauza kitu, kabla hamjalipa ada ya viza dola 185 na ile ya SEVIS, ya kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, angalieni tangazo la ubalozi Dar siku hiyo mnayotaka kulipa, msimsikilize wakala wa mtaani anayesema mimi nna njia. Na hapa tena vyuo viwili vitajipambanua vyenyewe. Waandikie wote swali moja: viza ikichelewa mwaka, nafasi yangu na pesa yangu mtanishikia? Ndani ya timu ya watu 17 kumshikia mtu nafasi ni gharama kwa kocha. Atakayekujibu ndio na akaweka kwenye karatasi, huyo anakutaka wewe, sio muda wako tu. Na uliza pia mwaka huo wa kusubiri ukishindana huku utakatwa msimu wowote, maana NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wana hesabu zao tangu siku uliyomaliza skuli, ofisi ya kanuni ya chuo ndo inayojibu hilo, si kocha. Wakati unasubiri jisajili kwenye kituo chao cha kuhakiki wanamichezo, vyeti vya kidato cha nne na cha sita wanavitaka rasmi kutoka NECTA, na jisomee mtihani wa Kiingereza.

Ukiniuliza mimi moyo wangu uko wapi leo, uko Pullman, kwa ile ofa kamili na timu ya mbio ndefu, lakini kwa sharti mbili, mkataba useme miaka minne na swali la Spokane lijibiwe kwa maandishi. Likikosekana moja katika hayo, na Seattle wakafika asilimia 100, nenda Seattle na wala usigeuke nyuma. Na daftari la TFRRS likisema kinyume na mimi, fuata daftari. Kote wakikataa, utakuwa hujakosa mbio. Alphonce Simbu hakupitia chuo cha Marekani, na Septemba 2025 mjini Tokyo alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Na kwa upande mwengine Suleiman Nyambui alipitia chuo cha El Paso, Texas, akachukua mataji kibao ya vyuo, medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, na akarudi kuwa kocha na kiongozi wa riadha yetu. Njia zote mbili wamepita watu wetu.

Rono, niliyemsifu juu, chuo kilimpa rekodi lakini baada ya hapo pombe ilimtesa miaka mingi, pesa zikapotea, alifariki Februari 2024. Namtaja kwa heshima kwa sababu kijana aliye peke yake mbali na kwao, anayepigiwa makofi kila Jumamosi, anahitaji mtu wa kumuuliza Jumapili umekula? Mama, huyo ni wewe. Pangeni siku ya simu, Pullman na Seattle saa ni moja, wako nyuma yetu saa kumi au kumi na moja kufuatana na msimu, ukimpigia Jumatatu asubuhi baada ya chai yeye ni Jumapili usiku katulia chumbani.

SWALI FUPI

Bi Mwalimu, mimi ni kijana wa Jang'ombe, nakimbia 5,000 kwa dakika 15 na sekunde 20, naweza kupata ofa kamili Marekani kama huyo dada? Na kila chuo kinatoa?

JIBU

Kwa muda huo mwanangu, vyuo vikubwa vya Divisheni ya Kwanza, yaani daraja la juu la NCAA, havitakulipia zote, nikikwambia vinginevyo nitakuwa nakudanganya. Divisheni ya Tatu haitoi msaada wa michezo kabisa, hata ukiwa bingwa, ule wa masomo tu. Angalia Divisheni ya Pili, vyuo vya NAIA, chama chengine cha michezo ya vyuo, na vile vya miaka miwili vya chama cha NJCAA, Wakenya wengi wameanzia hapo wakapanda. Lakini kabla hujaandikia mtu, punguza sekunde 40 kwanza. Unakimbia lini? Kama ni saa kumi jioni kwenye lami, jua linakula mazoezi yako, toka baada ya swala ya alfajiri, na wiki mara mbili nenda mchangani upande wa Fumba au popote penye njia laini na fanya vipande vya mita 1,000. Baada ya miezi mitatu kimbia tena Amaan, mwenzio ashike saa, uniandikie muda wa 5,000 pamoja na wa 1,500, maana wa 1,500 hukuuweka.